Spoti zinawaka kwenye dimu, zinazima kwenye fulu: kasoro ya uungaji kwenye Land Cruiser na jinsi ya kuirekebisha

SWALI: Nina Land Cruiser pikapu HZJ79, injini ya 1HZ. Naitumia kupeleka mizigo kati ya Karatu na vijiji vya upande wa Ziwa Eyasi, na mara nyingi narudi usiku. Fundi amenifungia spoti mbili za halojeni za wati 100 kila moja kwenye bampa ya chuma ya mbele. Ameweka rilei moja na swichi kwenye dashibodi, na umeme wa kuamsha rilei ameuchukua kwenye pini ya fulu ya taa kubwa ya kulia. Sasa nikiwa kwenye dimu spoti zinawaka, nikipiga fulu zinazima. Tena fyuzi ya ampea 15 iliungua mara mbili baada ya kama dakika kumi za safari. Fundi akaweka ya 30; haiungui tena, lakini waya unaotoka kwenye betri unapata moto. Je, nimeuziwa rilei mbovu? Na nikiamua kuweka LED, ni kweli zitaharibu mawasiliano ya redio yangu ya VHF?

JIBU: Ndugu yangu, kabla hatujafika kwenye rilei, toa hiyo fyuzi ya ampea 30 sasa hivi, na spoti zisiwashwe mpaka waya ubadilishwe. Waya unaochemka ganda lake hulainika. Ganda likilainika shaba itagusa bodi, na hapo fyuzi ya 30 itauacha waya mwembamba uwake kabla yenyewe haijakatika. Moto wa namna hiyo huanzia chini ya boneti, na dereva huuona ukiwa umeshashika.

Rilei yako, yaani ile swichi inayoamshwa kwa umeme mdogo ili ipitishe mkubwa wa spoti, ni nzima, na kwenye kuiunga fundi wako hakufanya uzembe. Ameunga kama anavyounga kwenye magari mengine mengi, na huko kazi yake ingekubali. Land Cruiser yako ndiyo iliyofungwa kwa namna nyingine.

Balbu ya taa kubwa, inayoitwa H4, ina pini tatu na ndani yake kuna tambi mbili, yaani nyuzi zinazowaka: utambi wa dimu na utambi wa fulu. Pini moja ni ya pamoja kwa tambi zote mbili. Kwenye magari mengi pini hiyo ya pamoja imekaa kwenye ethi, yaani upande wa hasi, siku zote, na swichi ya usukani hupeleka chanya ama kwenye dimu ama kwenye fulu. Toyota, kwenye Land Cruiser za mfululizo wa 70, na hata za 80, iligeuza. Pini ya pamoja ndiyo inayopokea chanya, na swichi ya usukani huchagua utambi upi upewe ethi.

Sasa ufuate umeme kwenye gari lako. Umewasha dimu. Chanya imefika kwenye pini ya pamoja, utambi wa dimu umepewa ethi na unawaka. Utambi wa fulu haujapewa ethi, kwa hiyo hakuna mkondo unaopita ndani yake, na pasipo mkondo hakuna volti inayopotea. Ukipima pini ya fulu wakati huo utakuta volti 12 zilezile za pini ya pamoja, ingawa fulu haijawashwa. Rilei ina koili ndani, yaani waya uliosokotwa unaoifanya ibane, na ncha zake mbili ni namba 86 na 85. Fundi ameunga namba 86 hapo, na namba 85 ameitia kwenye bodi. Koili ikapata njia yake: chanya ikapita kwenye utambi wa fulu, ikaingia kwenye koili, ikatokea bodini. Koili ya rilei ya kawaida ya volti 12 ina omu kama 80 na hunywa ampea 0.15 hivi tu. Utambi wa wati 60 ukiwa baridi haufiki hata omu moja. Kwa hiyo karibu volti zote zinaiangukia koili, utambi wa fulu haung'ai hata kidogo, rilei inabana na spoti zinawaka.

Ukipiga fulu, swichi ya usukani inaupeleka waya huohuo kwenye ethi. Koili sasa ina ethi pande zote mbili. Rilei inaachia, spoti zinazima.

Usinitegemee mimi peke yangu, pima. Rangi za nyaya usiziamini, hasa kwenye gari lililokwisha kupita mikono ya mafundi kadhaa. Chukua multimita, weka kwenye volti za DC, ncha nyeusi ishike kwenye hasi ya betri, na ncha nyekundu uipenyeze nyuma ya soketi ya taa balbu ikiwa imechomekwa. Ukiwa dimu unapaswa kusoma volti 12 au zaidi kwenye pini mbili, na karibu sifuri kwenye moja. Hiyo ya sifuri ndiyo ya dimu. Piga fulu: pini moja itaendelea kusoma 12, na hiyo ndiyo ya pamoja. Iliyokuwa na 12 ikashuka hadi sifuri ndiyo ya fulu. Testa ya balbu itakudanganya hapa, kwa kuwa inawaka kwenye pini ambayo haijawashwa, nawe utadhani umepata chanya ya kweli.

Tiba yake haihitaji kifaa kipya hata kimoja zaidi ya fyuzi ndogo. Namba 86 ipate chanya kutoka pini ya pamoja, kupitia fyuzi ya ampea 5 na kisha swichi yako ya dashibodi. Namba 85 iondolewe kwenye bodi na iungwe kwenye ule waya wa fulu. Ukiwa dimu, 86 ina chanya na 85 nayo ina chanya iliyopita kwenye utambi; pande zote sawa, rilei inakaa kimya. Ukipiga fulu, 85 inapata ethi na rilei inabana. Ukirudi dimu kwa ajili ya gari linalokuja, spoti zinazima papo hapo kwa kidole kilekile. Hilo ndilo lengo la kuamsha rilei kwa fulu badala ya kuiachia swichi peke yake. Usiku, kwenye barabara ya vumbi yenye watu wa miguu na pikipiki, hutakuwa na muda wa kutafuta swichi ya pili.

Kuna mafundi ambao hutatua jambo hili kwa kuihamishia 86 kwenye pini ya dimu na kuiacha 85 bodini. Itafanya kazi, maana pini ya dimu hupata volti 12 wakati wa fulu. Lakini koili inabaki inakula umeme uliopita ndani ya utambi wa balbu, na siku utakapoweka balbu za LED kwenye taa kubwa mambo yatavurugika. Uungaji niliokueleza hautegemei balbu: hata tambi zote za fulu zikikatika, spoti zitawaka ukipiga fulu.

Swichi iwekwe upande wa chanya, kabla ya 86, nasi tuna sababu. Waya wa fulu ukiupitisha mpaka ndani ya kabini na kuurudisha, siku utakaposuguliwa ukagusa bati hautakata fyuzi yoyote. Utawasha fulu, na swichi ya usukani haitaweza kuizima. Waya unaotoka 85 kwenda kwenye soketi ya taa uwe mfupi na ubaki mbele, usiingie ndani. Unaoingia ndani ni ule wenye fyuzi ya 5. Ukigusa bodi fyuzi inakatika na basi. Jambo jingine dogo: baadhi ya rilei zina dayodi ndani, yaani kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, na mchoro wake huonekana ubavuni. Hizo hazikubali kugeuzwa, 86 lazima iwe chanya na 85 hasi. Ukigeuza, dayodi inageuka njia ya mkato na fyuzi inaungua ukiwasha tu.

Kuhusu fyuzi na moto wa waya

Wati 200 kwa volti 12 ni ampea 16.7, na injini ikiwa inachaji unakaribia 18. Fyuzi ya 15 haikati papo hapo kwa mzigo uliozidi kiasi hicho. Huchemka polepole, joto la boneti likiisaidia, na ndiyo maana zako zilidumu dakika kumi. Kwa hiyo fyuzi ya 15 ilikuwa ndogo kweli, fundi hakukosea kuona hivyo. Kosa ni kuongeza fyuzi bila kuongeza waya. Fyuzi haiwekwi kwa ajili ya taa. Inawekwa kwa ajili ya waya, na waya mwembamba kuliko fyuzi yake ndio unaogeuka fyuzi.

Hujataja ukubwa wa waya uliofungwa, ila kwa joto unaloeleza nauona ni wa milimita za mraba 1.5, ule uliozoeleka madukani. Tuupigie hesabu. Kutoka betri hadi spoti na kurudi ni kama mita 6. Shaba ya mm² 1.5 kwa urefu huo ina omu 0.07. Zidisha kwa ampea 17, unapoteza volti 1.2 njiani. Volti hizo hazipotei hewani, zinageuka joto la wati 20 ndani ya waya, karibu sawa na balbu ya indiketa inayowaka mfululizo ndani ya ganda la plastiki. Mwanga nao unaumia kuliko unavyodhani, maana mwanga wa halojeni hushuka kwa kasi kuliko volti: ukipoteza sehemu ya kumi ya volti, mwanga unapungua kwa zaidi ya robo. Umenunua wati 200 na unaona kama 150.

Weka waya wa mm² 4 kutoka betri hadi rilei na kutoka rilei hadi mbele ya gari, kisha ugawanye kwa mm² 2.5 kwenda kila spoti. Kwa mm² 4 upotevu unashuka chini ya volti 0.5. Fyuzi ya njia kuu iwe ya ampea 25, ambayo kwa kawaida haina rangi, huku ya 20 ikiwa njano na ya 30 kijani. Ikae ndani ya sentimita 15 kutoka kwenye teminali ya betri, kwa sababu kipande kati ya betri na fyuzi hakina ulinzi wowote. Ukiwa na nafasi, fanya bora zaidi: baada ya rilei weka fyuzi ya 15 kwa kila spoti. Jiwe likipasua moja na waya wake ukagusa bampa, nyingine inabaki inawaka hadi ufike.

Unaponunua waya kuna mitego miwili. Wa kwanza ni waya wa alumini uliopakwa shaba. Unauzwa kwa bei ya kuvutia na rangi yake inalaghai. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, uache, kwa kuwa unapitisha umeme kwa shida zaidi kuliko shaba halisi na hukatika mapema kwa mtikisiko. Wa pili unawahusu wanaoagiza seti za nyaya kutoka Australia, ambako Land Cruiser ni nyingi na vifaa vyake vingi. Huko waya wa gari ulioandikwa milimita 4 hupimwa unene pamoja na ganda. Shaba iliyomo ni kama mm² 1.8 tu. Kwa kazi yako ungehitaji ule wanaouita milimita 6, wenye shaba ya mm² 4.6 hivi.

Betri nayo uitazame kwanza. Baadhi ya Land Cruiser za dizeli zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina mfumo wa volti 24. Ukiona betri mbili usikisie. Injini ikiwa imezimwa, pima kati ya chanya inayokwenda stata na bodi. Ukisoma 12 na kitu, betri zako ziko sambamba na unaweza kuchukua kwenye yoyote. Ukisoma 24 na kitu, rilei na taa zote lazima ziwe za 24. Usikubali ushauri wa kuchukua volti 12 kwenye betri moja kati ya hizo mbili: moja itachoka na nyingine itachajiwa kupita kiasi, na utanunua zote mbili kabla ya wakati.

Kufunga upya

Kwa gari lako vifaa ni hivi: waya mwekundu wa mm² 4 mita 4 na mweusi mita 4, wa mm² 2.5 mita 3, wa mm² 0.75 mita 6 kwa ajili ya kuamshia, nyumba ya fyuzi kubwa isiyopitisha maji na ndogo moja, soketi ya rilei, rilei ya akiba ya ampea 40, vishikio vya pete vya ukubwa wa bolti zako, bomba laini la plastiki lenye mikunjo mita 6, mpira unaonywea kwa joto, na tai za plastiki. Pima kwa kamba kwenye gari lako kabla ya kununua, maana mahali betri ilipo hubadilisha urefu.

Anza kwa kufungua hasi ya betri. Zikiwa mbili, fungua hasi zote. Rilei ifungwe kwenye ukuta wa ndani wa madigadi, karibu na betri, mbali na egzosi, pini zikitazama chini. Ikitazama juu, maji ya kuoshea na ya kuvukia mito yatakaa humo na baada ya miezi michache utakuta ukungu wa kijani kwenye pini. Nyaya zifuate njia ya nyaya za kiwandani, zikiwa ndani ya bomba, na zifungwe kwa tai kila sentimita 20 au pungufu. Barabara za huko kwenu zimejikunja kama bati, na waya ulioachwa unaning'inia husugua mpaka shaba ionekane. Pa kuingilia kabini tumia tundu lenye raba ambalo tayari lipo. Ukilazimika kutoboa, weka raba kabla ya kupitisha waya, na kabla ya tundu uache waya ushuke kidogo ndipo upande, ili maji yadondokee nje.

Maungio ndiyo yanayoua kazi nyingi nzuri. Kusokota waya na kuzungushia tepu nyeusi kunadumu mpaka joto la kwanza kali. Gundi ya tepu inayeyuka, vumbi linaingia, ungio linachemka. Vile vibanio vya plastiki vya kuuma waya bila kuukata navyo usivitumie mbele ya gari, kwa kuwa hukata baadhi ya nyuzi na kuacha mlango wa maji. Lehemu ina tatizo lake: inapanda ndani ya nyuzi na kuzifanya ziwe ngumu kama msumari, halafu mtikisiko unazivunja pale ugumu unapoishia. Bana kwa koleo la kubania lenye meno, siyo kwa plaiza, vuta kwa nguvu uone kama linateleza, kisha funika kwa mpira wenye gundi ndani. Ikiwa ni lazima kulehemu, ungio lifungwe imara pande zote mbili lisipate kucheza.

Ethi ya spoti sitaki ikae kwenye bampa. Bampa ya chuma imepakwa rangi, imeshikwa na bolti zenye kutu na wakati mwingine raba katikati, na mkondo wa ampea 17 hapo unapita kwa shida na kuleta joto. Ethi mbovu hudanganya sana: taa zinafifia, au zinawaka vizuri asubuhi na kupepesa jioni, na mtu anabadilisha balbu, swichi na rilei bila mafanikio. Rudisha waya mweusi wa mm² 4 mpaka hasi ya betri. Vinginevyo, utie kwenye bolti ya chesisi iliyokwanguliwa mpaka chuma ing'ae, na baada ya kukaza paka girisi juu.

Ukimaliza, acha injini iwe inaunguruma, spoti zikiwa zimewaka, na upime mara mbili. Ncha moja ya mita iwe kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye chanya ya spoti: isizidi volti 0.5. Kisha hasi ya spoti na hasi ya betri: isizidi 0.3. Ikizidi, sogeza ncha hatua kwa hatua, fyuzi, rilei, ungio, mpaka uone mahali namba inaporuka. Huko ndiko penye hitilafu, na umelipata bila kufungua kitu. Baada ya dakika 15 gusa nyumba ya fyuzi na soketi ya rilei. Uvuguvugu ni sawa. Usipoweza kuacha mkono hapo, kuna ungio legevu. Rudia kugusa na kukaza baada ya safari mbili tatu za barabara mbovu.

Kama utabaki na halojeni, soma ndani ya spoti imeandikwa wati ngapi. Nyingi zenye ganda la plastiki zimetengenezwa kwa balbu ya wati 55, na ukitia ya 100 kioo cha nyuma kinapoteza mng'ao na ganda linajipinda. Balbu mpya usiishike kwa vidole vitupu. Mafuta ya ngozi huunguza doa kwenye kioo chake. Na unapokaribia kuvuka korongo lenye maji zizime dakika chache kabla, kwa kuwa kioo chenye moto kikipata maji baridi hupasuka.

Kulenga ni kazi ya dakika kumi, lakini wengi hawaifanyi. Egesha mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, gari likiwa na mzigo wake wa kawaida, maana pikapu iliyopakia nyuma inainua pua. Weka alama ukutani ya urefu wa katikati ya spoti kutoka ardhini. Katikati ya mwanga iwe sentimita 5 chini ya alama hiyo. Spoti iliyo kimo cha sentimita 80 ikilengwa hivyo inagusa barabara mita 160 mbele, na hapo utamwona ng'ombe mapema. Ukiinyanyua juu ya hapo utamulika miti na macho ya wenzako.

Sasa kuhusu LED

Nashauri uhamie huko, kwanza kwa sababu mzigo unapungua. Spoti mbili za LED za wati 45 za kweli zinakula ampea 6.5 hivi. Nyaya zako mpya zitabaki zilezile, utabadilisha fyuzi tu iwe ya 10, na altaneta itapumua. Nasema wati za kweli kwa kuwa namba ya kwenye boksi mara nyingi ni hesabu ya uwezo wa vidoti vyote, siyo umeme unaotumika. Mwambie muuzaji aiwashe kwenye betri, pima ampea, zidisha kwa volti. Taa iliyoandikwa wati 300 na inakula ampea 6 kwenye volti 13 ni ya wati 78.

Rangi ya mwanga itakuathiri kuliko wati. LED nyingi za bei nafuu ni nyeupe ya kubluu, kelvini 6000 au zaidi, na ukiwa nyuma ya lori kwenye vumbi mwanga huo unakurudia usoni. Tafuta za kelvini 4000 hadi 5000, au moja iwe na kioo cha njano. Zifungwe chini, usawa wa bampa. Taa ya juu ya paa inamulika boneti na vumbi lililo mbele ya macho yako, na uchovu wake unauhisi baada ya saa moja.

Uliyoyasikia kuhusu LED na redio ya VHF ni kweli, ila si kwa kila taa. Ndani ya LED kuna sakiti inayowasha na kuzima umeme maelfu ya mara kwa sekunde ili kudhibiti mkondo. Ikiwa haikuchujwa vizuri, inatoa kelele inayofika mpaka masafa ya redio yako. Dalili yake siyo lazima iwe mngurumo. Mara nyingi redio inakuwa kiziwi tu: unamsikia wa karibu, wa mbali anapotea ukiwasha taa.

Kabla ya kununua dawa yoyote, jua kelele inapita wapi. Chomoa taa kwenye gari na uilishe kwa betri nyingine iliyo pembeni, taa ikiwa palepale kwenye bampa. Fungua skwelchi ya redio, yaani kile kinachonyamazisha mvumo pasipo na mtu anayeongea, usikilize ukiwasha na kuzima. Kelele ikiisha, ilikuwa inapita kwenye nyaya. Hapo zungusha waya wa chanya na wa hasi pamoja mara nne au tano ndani ya pete ya feraiti, ile pete ya kuzuia kelele zinazopita kwenye waya, karibu kabisa na taa. Kwa VHF ya megahezi 136 hadi 174 feraiti ya aina namba 43 inafaa. Zisokote nyaya hizo mbili mpaka kwenye rilei, na redio ipewe chanya na hasi zake zenyewe kutoka betri, isichangie ethi na taa. Antena isogezwe nyuma ya kabini ikiwa sasa imesimama kwenye bampa.

Kelele ikibaki hata kwa betri ya pembeni, inaruka hewani kutoka kwenye taa yenyewe, na feraiti haitakusaidia sana. Taa hiyo ibadilishwe. Tafuta iliyoandikwa imepimwa kwa CISPR 25, ambacho ni kiwango cha kelele za redio kwa vifaa vya magari. Madaraja yake ni 1 hadi 5, na 5 ndilo kali zaidi. Usipopata maandishi hayo, nenda dukani na redio ya mkono, iweke kwenye chaneli unayoitumia, fungua skwelchi, na mwombe muuzaji awashe taa ukiwa mita moja kutoka kwayo. Ukisikia mlio unabadilika, jaribu nyingine.